Kufunga Ukiwa na Uchungu: Mwongozo wa Mtu Aliyekosea Kwanza

Mara ya kwanza kufunga kwa ajili ya mume wangu, nilipanda Menengai, mlima wa mapango ya maombi karibu na Nakuru, bila hata chupa ya maji. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mfungo mkavu wa siku saba ndio unaofika mbinguni haraka, nami nilikuwa na haraka: saratani ya koo ilikuwa imemfikisha mahali pa kumeza uji kwa kijiko cha chai. Kule mapangoni upepo wa usiku haubagui mwenye imani na asiye nayo. Kufikia siku ya tatu midomo ilikuwa imepasuka, moyo unanienda mbio nikiwa nimeketi tu, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya strungi. Akina mama wawili niliowakuta huko, wao wakifunga kwa maji, ndio walionishika mikono hadi barabarani wakanipakia kwenye bodaboda. Nilitundikiwa dripu katika zahanati moja mjini Nakuru, na mgonjwa mwenyewe akashinda nyumbani siku hiyo bila wa kumkorogea uji.

Nakusimulia haya mapema ili umjue anayekuelekeza. Sijaacha kufunga. Kila Jumatano tunafunga akina mama tisa hapa mtaani Free Area, na kila mmoja ana lake: mwenye mwana rumande, mwenye mtoto anayesafishwa figo, mwenye mume aliyeondoka kwenda Ghuba miaka kadhaa iliyopita na simu yake haishiki tena. Nilichojifunza ni kwamba njaa yangu haimshurutishi Mungu. Mfungo humpa mtu nafasi ya kusema ukweli wa uchungu wake bila kuukatiza kwa chai na shughuli, na humkutanisha na watu watakaoubeba pamoja naye. Matumaini, kwa nilivyoyaona mimi, huingilia mlango huo.

Sasa tuanze, na tuanzie pale ambapo watu wengi huparuka.

Kwanza, huenda unatakiwa kula

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka, ameketi chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumwambia afunge. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale tena. Zile siku arobaini za kutembea hadi Horebu zilikuja baadaye, kwa nguvu za chakula hicho. Paulo naye, katika Matendo 27, aliwasihi watu waliokuwa merikebuni wale baada ya siku kumi na nne za dhoruba bila chakula.

Kwa hiyo kama umefiwa wiki hii, kama hujalala siku tatu, kama chakula hakipiti kooni kwa sababu ya majonzi, wewe tayari umefunga bila kupanga. Kazi yako ya kiroho leo ni sahani ya ugali na usingizi. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usiende pangoni wala mlimani peke yako. Mwambie mtu leo hii, au piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu Kenya isiyotozwa pesa.

Wapo ambao mfungo wa chakula si wao: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye sukari hasa anayechoma insulini, mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, anayepona upasuaji, anayetumia dawa za kifua kikuu, na aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula. Wa presha na wa ARV waongee na daktari kwanza. Na hili nalirudia kila Jumatano: dawa haivunji mfungo. Ukiruka ARV unavipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, na hakuna andiko lililokutuma ufanye hivyo. Dawa ikitaka chakula, kula, kisha endelea na maombi yako. Mmoja wetu ana sukari. Yeye hufunga simu. Huizima tangu alfajiri hadi jioni, na akikuambia jinsi mkono unavyoitafuta utaamini kwamba naye ana njaa.

Neno moja kuhusu wanaotufungisha. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mashtaka yaliyofuata yanasema watu walihimizwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisi huku bara tulilitazama jambo hilo kwenye runinga kama la Pwani. Lakini mtu anayekukataza hospitali, anayetaka usiwaambie jamaa zako unakokwenda, anayepanga urefu wa mfungo wako bila kuuliza afya yako, au anayetaka hati ya shamba na “mbegu”, yaani sadaka ya pesa, kabla ya kukuombea, anaweza kuwa hata kwenye hema la pale stendi. Mimi niliombwa mbegu. Niliitoa, tena ilikuwa pesa ya dawa.

Andika jambo lako kwenye karatasi

Chukua karatasi, andika tarehe, andika jambo moja. Ukiandika kumi utazunguka siku nzima kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, ngumu kuliko njaa. Karatasi yangu ya kwanza iliandikwa “Mponye.” Ombi zuri, na nililimaanisha. Lakini baada ya Menengai, mama mmoja wa kanisani kwetu aliniketisha jikoni kwake akaniuliza, “Mama, na wewe je? Wewe unaogopa nini?” Nilikaa kimya mpaka chai ikaingia ngozi. Kisha nikaandika: “Naogopa kubaki peke yangu na deni la hospitali na watoto wawili.” Sikuwa nimewahi kuitamka sentensi hiyo, hata kwa Mungu. Niliona kama ni kumzika mtu angali hai.

Kama maneno hayaji, azima. Zaburi ya 13 inauliza “hata lini” mara nne mfululizo kabla haijaomba lolote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Kanisani tumezoeshwa kupokea kwa imani na kukiri ushindi hata kabla ya kuomba, hadi mtu anaona haya kumwambia Mungu kwamba anaumia. Daudi hakuona haya. Andika kama unavyosikia moyoni, hata kama ni hasira. Karatasi ni yako.

Chagua mfungo wa ukubwa wako

Wa kuanzia ni wa kuruka kiamsha kinywa na chakula cha mchana, kwa maji, kisha kufungua saa kumi au saa kumi na mbili jioni. Ukiuzoea, fanya wa saa ishirini na nne, kutoka chakula cha jioni hadi chakula cha jioni. Mwenye kazi ya nguvu amwige Danieli: sura ya 1 anakula mboga na maji kwa siku kumi, na sura ya 10 anaacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu. Sukuma wiki, maharagwe na maji, bila nyama, soda wala mandazi, ni mfungo halali kabisa, na fundi wa mjengo anaweza kuufanya bila kuanguka kutoka kwenye jukwaa.

Mkavu, usio na maji, uache. Najua utanitajia Esta na siku zake tatu. Esta alifunga hivyo mara moja, taifa zima likiwa limeandikiwa kuangamizwa, na tangu mwanzo mfungo wake ulikuwa na siku ya kumalizika. Halafu kuna joto. Dada yangu anauza samaki Kibuye, Kisumu. Mtu aliyesimama kwenye jua lile tangu asubuhi bila maji hahubiriwi, anapelekwa kivulini.

Siku nayo ichague kwa akili. Wakristo wa kale walifunga Jumatano na Ijumaa, kama linavyosema andiko lao liitwalo Didache. Wakatoliki wana Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo kamili mmoja kwa siku, kwa walio na umri wa miaka 18 hadi 59, na hapo utaona kwamba Kanisa lenyewe liliwafikiria wazee na watoto. Kibuye hufurika Jumapili, basi dada yangu hufunga Jumatatu, soko likiwa limepoa. Jumatano yetu ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo wengi wetu hatufui.

Siku ishirini na moja za Januari, ambazo makanisa mengi hutangaza, sizipingi. Ila nimeona watu wakizimaliza kwa mbio na vigelegele, na kufikia Februari hakuna anayekumbuka jina la mgonjwa waliyekuwa wakimwombea. Mtu mwenye taabu ya muda mrefu atafaidika zaidi na siku moja kila wiki mwaka mzima. Taabu zetu nyingi zina miezi, wala haziishi na Januari.

Waambie wachache

Mathayo 6 inasema upake kichwa mafuta na unawe uso ili watu wasitambue kwamba unafunga. Yesu alikuwa anawakemea waliokunja uso wasifiwe. Hakusema mke amfiche mume: 1 Wakorintho 7 inataka wenye ndoa wapatane kuhusu muda wa kusali. Mwambie mnayeishi naye, ili asikupakulie halafu mgombane. Na mwambie mtu mmoja wa kukuuliza saa nane, “Umekunywa maji?”

Huyo mmoja mchague kwa kipimo cha marafiki wa Ayubu. Walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyofanya katika kitabu kizima. Kuharibu kulianza walipofungua midomo. Anayeweza kukaa nawe bila kukueleza kwa nini unateseka, mshike huyo.

Siku mbili kabla

Punguza chai. Sisi wa Bonde la Ufa tunakunywa vikombe vinne kwa siku, halafu tunafunga ghafla na kudhani kichwa kinachogonga saa sita mchana ni shetani. Mara nyingi ni mwili unaoitafuta kafeini. Kunywa viwili, kesho yake kimoja. Chakula cha jioni ya mwisho kiwe cha kawaida: githeri, mboga, parachichi, matunda. Usile chipsi zenye chumvi, utaamka na kiu. Wala usishindilie kama ngamia. Tumbo lililovutwa usiku huamka likidai zaidi.

Siku yenyewe

Sisi tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Glasi mbili za maji, Zaburi moja kwa sauti, karatasi inasomwa mara moja, basi. Dakika kumi na tano zinatosha. Watoto wanataka kwenda shule, na kuwapikia uji ukiwa umefunga ni sehemu ya ibada yenyewe.

Njaa ya kwanza huja mnamo saa nne. Inakuja kama wimbi, inapanda, inakaa, inashuka. Usipigane nayo. Kunywa maji, endelea na kazi, na ikipita utashangaa kwamba ulidhani haitapita. Hili lina faida kubwa kwa mwenye majonzi, maana huzuni nayo huja vivyo hivyo. Ukishaliona wimbi la njaa likishuka mara kadhaa, unaanza kuliamini neno hilo hata kwa wimbi lile lingine.

Saa saba mchana ndiyo saa yetu kuu. Nafasi ambayo ungekuwa kwenye kibanda ukila ndengu, iwe ya maombi. Wanaofanya kazi mjini huingia kanisani wakikuta mlango wazi, au huketi Nyayo Gardens chini ya mti. Anayeuza kwenye kibanda huomba akiwa ameketi nyuma ya nyanya zake. Utaratibu wetu ni mfupi. Soma Zaburi. Isome karatasi yako kama ilivyo, bila kuipamba. Nyamaza kwa dakika kumi. Mawazo yakitoroka yarudishe bila kujigombeza, ukisinzia kidogo si dhambi. Kisha mwombee mtu mwingine kwa jina, jambo lake moja. Hiki cha mwisho usikiruke. Uchungu humkunja mtu akajitazama mwenyewe tu, na kulitaja jina la mwingine kwa dakika mbili humnyoosha kidogo.

Saa tisa jihadhari na mdomo wako. Njaa humfunua mtu. Mimi hukasirika upesi, na watoto wangu walikuwa wakiiogopa Jumatano mpaka nilipowaomba msamaha. Siku hizi mkubwa huniambia, “Mama, ni saa tisa,” nami natoka nje naenda kumwagilia mboga.

Ukiona kizunguzungu kisichokwisha, jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio au mawazo kuvurugika, mfungo umeisha. Maji yenye sukari mara moja, kisha chakula, na usipopata nafuu nenda hospitali. Hujamwangusha Mungu.

Kufungua

Anza na uji mwepesi wa unga wa wimbi au ndizi mbivu. Ngoja nusu saa, kisha kula kawaida lakini kidogo. Baada ya mfungo wa siku kadhaa anza na vyakula vidogo vidogo kwa siku mbili, maana mwili uliokaa bila chakula ukiujaza ghafla unaweza kuudhuru vibaya. Pilau ya harusi isubiri.

Pesa ya chakula ulichoacha

Isaya 58 inawashangaa watu wanaofunga huku wakiwadhulumu vibarua wao, kisha inaeleza mfungo anaoutaka Mungu: kuwafungua walioonewa, kumgawia mwenye njaa mkate wako, kumvika aliye uchi. Wengi husoma sura hii wakifunga, lakini pesa ya chakula wanabaki nayo mfukoni.

Sisi tunaitoa. Kila mmoja huweka kwenye bakuli alichokuwa atumie mchana, shilingi mia moja hivi. Tukiwa tisa ni mia tisa, na tumekubaliana kwamba haivuki wiki wala haiendi kwa mhubiri. Imenunua unga kwa wenye mgonjwa, nauli ya kwenda kliniki, sare ya shule. Wiki moja ilimlipia mama wa rumande nauli ya kwenda kumwona mwanawe. Alirudi akasema mwana amekonda lakini alicheka. Tuliishi juu ya kicheko hicho mwezi mzima.

Mimi nami niliwahi kuwa upande wa kupokea. Ile karatasi ya “naogopa” niliisoma mbele ya akina mama wanne. Hakuna aliyeniambia niwe na imani zaidi. Mmoja aliuliza deni ni kiasi gani, mwingine akatoa daftari, na kabla hatujasema amina walikuwa wameshaandika majina ya watu wa kuombwa mchango. Deni halikuisha siku hiyo. Ila usiku huo nililala, na sikuwa nimelala hivyo tangu majibu ya kipimo yatoke.

Jibu lisipokuja

Mume wangu alifariki siku ya Alhamisi, siku moja baada ya sisi kufunga kwa ajili yake. Sina maelezo, na aliyeniletea maelezo matangani nilimwomba akakae kwenye hema la nje.

Kama umefika hapa, soma 2 Samweli 12. Daudi alifunga, akalala chini akimwombea mtoto wake, na siku ya saba mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Alipojua, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili mavazi, akaenda nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akarudi akaomba chakula akala. Utaratibu huo una hekima, tena una mpangilio: mwili kwanza, kisha ibada, kisha meza. Mama mkwe wangu alisafiri usiku kucha kutoka Vihiga. Alipofika hakuniambia chochote kuhusu mapenzi ya Mungu. Alichemsha maji akasema, “Oga, mwanangu. Kisha ule.” Alikuwa amemzika mumewe na sasa alikuwa anamzika mwanawe, na bado alisimama mlangoni akingoja nimalize sahani.

Baada ya mazishi acha kufunga kwa muda. Mimi niliacha mwaka mzima, na miezi minne ya kwanza hata kuomba sikuweza. Nilichofanya ni kwenda Jumatano saa kumi na mbili, wakati wa kufungua, nikakunywa uji wao. Hawakuniuliza. Waliomba wao, mimi nikanywa uji. Ukiwa na mtu wa namna hiyo kwenye kundi lako, mwachie kikombe chake mezani na usimpangie ni lini atapona.

Utakaporudi kufunga, rudi na karatasi mpya. Yangu iliandikwa “Nisaidie nisiwachukie walio na waume.” Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, saburi uthabiti wa moyo, uthabiti wa moyo tumaini. Tumaini ni la nne kwenye foleni, na anayekudai ulionyeshe siku ya kwanza hakusoma mstari mzima.

Karatasi usizitupe. Kila baada ya miezi mitatu zitoe, na nyuma ya kila moja andika tarehe na kilichotokea, kiwe ulichokiomba au kisiwe. Zangu ziko kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Nyuma ya ile ya deni nimeandika mwezi tulipomaliza kulipa. Nyuma ya ile ya kuwachukia wenye waume pana neno “kidogo”, na chini yake, kwa kalamu nyingine, “kidogo zaidi”. Ile ya “Mponye” bado haijaandikwa kitu nyuma. Kila mara naitoa, naisoma, nairudisha pamoja na zingine.